UZI: Ngazi tulizorithi Meru na Embu, na swali la nani anafaa kuzibomoa

Kila kampeni ikifika, na siku hizi hata katikati ya muhula, kuna video ambayo lazima izunguke. Mtu wa kiti cha magurudumu anabebwa na vijana wanne kupanda ngazi za benki, au za ofisi fulani, au za ploti yenye M-Pesa chini na kliniki juu. Chini ya video maneno yanawaka. Mmoja anasema landilodi ana roho mbaya. Mwingine anasema pesa ya barabara imeliwa. Wa tatu anasema hao watu ni wachache, tusisumbuane. Siku mbili baadaye tumehamia kelele nyingine, na ngazi ziko palepale.

Nataka tuongee hii maneno kwa utaratibu, bila kutaja mwanasiasa wala chama, kwa sababu shida yenyewe ni nzee kuliko vyama vyote tulivyo navyo. Mimi ni mtu wa huku. Nimelelewa upande wa Runyenjes, na kazi ya kusimamia mijengo imenizungusha kati ya Embu na Meru miaka mingi. Nimesimamia watu wakikoroga zege mbele ya maduka, kwa hivyo nikisema jambo kuhusu sementi sijalisoma tu mahali. Vuta kiti.

Tuanze na mlima.

Miji hii miwili imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Waingereza walifungua kituo chao Embu mwaka 1906, mwaka ule ule waliowavamia Waembu kwa bunduki. Meru wakafika muda mfupi baadaye, na afisa wao, E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, akaweka boma mwaka 1908. Kwa macho ya afisa wa kikoloni mahali pazuri palikuwa juu, penye hewa baridi na mto karibu. Meru kuna Kathita, Embu kuna Rupingazi. Boma likikaa mteremkoni hakuna shida kubwa. Shida inaanza pale mtaa wa maduka unapomea pembeni ya boma.

Maduka yakaja. Wafanyabiashara wa Kihindi walijenga kwa mabati na mbao, kila duka na veranda yake mbele, paa limetokeza kidogo ili mteja asinyeshewe. Sasa fikiria mvua ya huku. Tunapata ile ndefu ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba. Maji yanashuka kutoka juu yakiwa mekundu kwa udongo, na mtaro ukijaa yanaingia popote penye mlango ulio chini. Ungekuwa wewe una magunia ya sukari na marobota ya vitambaa mle ndani, ungefanya nini? Ungeinua sakafu. Ngazi ya kwanza mbele ya duka iliwekwa ili maji yasiingie, na aliyeiweka alikuwa na akili timamu. Nasema hivi kwa sababu mijadala yetu hupenda kutafuta mtu mbaya kabla ya kuangalia mvua.

Lakini angalia kilichofuata. Mtaa unateremka. Ploti ya kwanza imeinua sakafu yake kulingana na ardhi yake. Ya pili, iliyo chini kidogo, imeinua yake kivyake. Ya tatu vivyo hivyo. Hakuna aliyemwuliza jirani. Matokeo ni veranda ambazo hazikutani: unatoka mbele ya duka la nguo, unashuka futi moja, unatembea mbele ya agroveti, unapanda vidato viwili kufika kwa fundi wa simu, halafu unakutana na ukuta mfupi ambao landilodi alijenga ili gari zisipande. Hapo unashuka barabarani, unashindania nafasi na bodaboda na mkokoteni, halafu unapanda tena. Mwenye miguu mizima hufanya hivyo bila kufikiria. Ni kama tumezoea densi fulani.

Fika Meru mjini ushuke kuelekea Gakoromone siku ya soko, uhesabu mara ngapi mguu wako unatoka verandani na kurudi barabarani. Mimi nilihesabu siku moja nikaachia njiani kwa sababu mama mmoja mwenye gunia la viazi alinipigia kelele nimzibie njia. Alikuwa na haki.

Pesa ya kahawa ndiyo iliyogeuza mabati kuwa mawe. Mwaka 1975 baridi kali iliua mikahawa Brazili, bei ya dunia ikaruka, na kufikia 1976 na 1977 mkulima wa Embu na Meru alikuwa ameona pesa ambayo baba yake hakuiona. Wazee watakuonyesha nyumba za wakati huo, vijijini na mijini. Baadaye miraa na chai zikaongeza. Duka la mabati likabomolewa, ploti ya mawe ikapanda ghorofa tatu, nne. Ila mpaka wa ploti ulibaki ule ule, na kimo cha sakafu kikabaki kile kile au kikaongezwa. Tulijenga upya kila kitu isipokuwa kosa.

Sheria ya ujenzi iliyokuwa inatumika ilikuwa ile ya 1968, kanuni za majengo zilizoandikwa kwa mtindo wa Waingereza ili mabaraza ya miji yazichukue. Ilihangaikia moto, choo, maji taka, hewa na unene wa kuta. Mambo ya maana. Ila ukiisoma, mtu unayemwona akilini mwa waandishi ni mtu anayetembea. Na kanuni hiyo, na marekebisho yake, imetuongoza zaidi ya miaka 50, mpaka Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024 ilipochapishwa. Jengo lako la Embu ambalo linaonekana jipya kwa rangi na vioo, yawezekana karatasi zake zilipitishwa kwa mawazo ya 1968.

Sasa, wenye ulemavu walikuwa wapi wakati miji inajengwa? Hili ndilo jambo ambalo mijadala yetu hairukii tu, huwa hata haijui lipo.

Walikuwa wamepelekwa kwingine. Shule ya wasioona ya Thika ilifunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Chama cha walemavu wa viungo, APDK, kilianza mwaka 1958, wakati polio ilikuwa inalemaza watoto kila mahali. Joytown, pia Thika, ilianza mwaka 1962. Huku kwetu, kanisa lilijenga shule ya wasioona Igoji. Watu waliofanya kazi hiyo walifanya kazi nzuri, na kuna mawakili na walimu leo ambao bila shule hizo wangefichwa nyuma ya nyumba. Lakini fikira iliyokuwa nyuma yake ilikuwa moja: mlemavu ana mahali pake, na mahali hapo ni kwenye uzio, chini ya padre au mwalimu. Mji ni wa wengine. Kwa hivyo mtu akipitisha ramani ya ploti Embu mwaka 1978 hakuwa anamkatalia mtu wa kiti cha magurudumu. Hakumfikiria kabisa. Kwa maoni yangu hilo ni gumu zaidi kurekebisha kuliko chuki.

Serikali iliutangaza mwaka 1980 kuwa mwaka wa kitaifa wa watu wenye ulemavu. Mwaka 1993 kikaundwa kikosi cha kupitia sheria zinazowahusu. Ikachukua miaka kumi kufika kwenye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Nambari 14 ya 2003. Sheria ile ilisema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya mazingira yasiyo na vizuizi, ili afikie majengo na barabara. Kifungu cha 22 kikamwambia mwenye jengo la umma alirekebishe ndani ya miaka mitano. Na kabla hujasema jengo la umma ni ofisi ya DC, tulia: duka, benki, hoteli, mahali popote umma unapoingia kwa shughuli zake ndipo ubishi unapokaa, na ndipo watu wengi huumia.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho watu wengi hawakijui. Sehemu kubwa ya sheria ilianza kutumika Juni 2004, lakini vifungu vya majengo na magari viliachwa nyuma. Vilianza Januari 2010. Kwa hivyo ile miaka mitano haikuisha 2008 wala 2009. Iliisha 2015. Katikati ya hapo tukapata katiba ya 2010, ambayo Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, pamoja na usafiri na habari. Kabla ya katiba, mwaka 2008, Kenya ilikuwa imeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Na Mei 2025 sheria mpya ikatiwa saini kuchukua nafasi ya ile ya 2003.

Kwa hivyo mtu akikuambia kwenye mjadala kwamba tunahitaji sheria, mwulize anataka ya ngapi.

Swali zito ni lingine: kile kipande cha futi sita au nane kati ya ukuta wa duka na lami ni cha nani?

Nimeuliza swali hilo miaka mingi na majibu yanazunguka kama mpira. Landilodi anasema cheti chake kinaishia ukutani, hapo nje ni kwa kaunti. Afisa wa kaunti anasema ile ni barabara kuu, nenda kwa mamlaka ya barabara. Mamlaka ya barabara inasema kazi yake ni lami na mtaro mkubwa, mambo ya veranda ni ya wenye maduka. Na kila mmoja ana karatasi ya kumtetea. Sheria ya Barabara ya 2007 iligawa barabara kwa mamlaka tatu. Katiba nayo, kwenye Jedwali la Nne, imeipa kaunti barabara za kaunti, maegesho, mipango ya ujenzi, masoko na leseni za biashara. Barabara inayotoka Makutano ya Mwea, ikapita Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu mpaka Meru, ni barabara kuu ya kitaifa, lakini ndani ya mji ndiyo pia mtaa wa maduka. Lori la Moyale na cucu anayeenda kununua dawa wanatumia mstari ule ule.

Ndio maana video ya landilodi mbaya hainishawishi sana. Sheria inamlenga mwenye jengo, na anafaa kulengwa. Lakini kizuizi kikubwa zaidi kiko kati ya majengo. Hata kila landilodi akiweka rampu yake kesho asubuhi, mtu wa kiti cha magurudumu atapanda duka moja, atashuka, na atakwama kwa jirani.

Hebu tuongee hesabu ya rampu, kwa sababu hapa ndipo wanasiasa hutudanganya, na mafundi pia.

Kipimo kinachotumika sana duniani ni moja kwa kumi na mbili. Kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita kumi na mbili za urefu. Duka lenye vidato vitatu vya sentimita 15 limeinuka sentimita 45. Zidisha kwa 12. Unapata mita 5.4 za mteremko, na bado hujaweka mahali pa kupumzika pale juu, ambapo kiti kinahitaji kugeuka kabla ya mlango kufunguka. Sasa pima kutoka mlangoni mpaka mtaroni kwenye mtaa wa kawaida wa Meru. Ukipata mita mbili na nusu una bahati. Rampu haiwezi kushuka moja kwa moja. Lazima ilale sambamba na ukuta, na ikilala sambamba inapita mbele ya duka la jirani.

Sementi siyo shida. Chukua rampu ya mita 5.4 kwa upana wa mita 1.2, pamoja na kile kituo cha juu. Jaza chini mawe na changarawe, shindilia vizuri, halafu mwaga bamba la zege la sentimita 10 kwa mchanganyiko wa moja-mbili-nne, yaani sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne. Bamba hilo linakula mifuko sita hivi ya sementi. Ongeza kuta za pembeni, waya wa BRC na bomba la kushikia mkono, bado hujafika mahali pa kumfilisi mtu aliyejenga ghorofa nne. Kinachokosekana ni nafasi, na nafasi haipatikani bila jirani kukubali.

Ndio unaona kile tunachokiona kila mahali: rampu ya kuonyesha. Futi mbili za zege zilizoegeshwa kwenye vidato vitatu, mwinuko kama wa kuteleza watoto. Nyingine zimewekwa tailsi zinazong'aa, mvua ikinyesha zinakuwa sabuni. Rampu ya nje inatakiwa ipigwe ufagio zege ikiwa bado mbichi, mistari ikatane na njia, ili gurudumu na kiatu vishike. Inatakiwa imwagiliwe maji angalau siku saba, siyo kukanyagwa kesho yake kwa sababu mwenye duka anataka kufungua. Inatakiwa iachwe na mapengo madogo ya kupanuka, la sivyo jua la Januari litaipasua mahali linapotaka lenyewe. Na kandokando yake iinuliwe ukingo mdogo ili gurudumu lisichomoke. Hakuna hata kimoja cha hivi kinachohitaji injinia kutoka ng'ambo.

Shangazi yangu alipata kiharusi, na sasa anatumia kiti. Nilimpeleka siku moja kwenye jengo fulani katika mmoja wa miji hii miwili, jengo jipya, kazi ambayo sikuisimamia. Rampu ilikuwepo. Nilijaribu kumsukuma, kiti kikaanza kurudi nyuma na mimi, watu wawili wakakimbia kutushika. Mwenye jengo alikuwa pale, mzee mstaarabu, akaja kutusalimia.

Nikamwuliza, "Mzee, hii rampu mliipimaje?"

Akacheka kidogo. "Kijana wangu, hiyo si ya kupanda. Hiyo ni ya cheti. Walikuja wakasema hakuna rampu, hawasaini. Tukaweka, wakasaini."

Hakuwa anajivunia wala kuficha. Alikuwa ananieleza jinsi mambo yanavyoenda. Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "Basi kwa karatasi nimeshaingia." Tukarudi nyumbani.

Hiyo "rampu ya cheti" ndiyo nataka wafuatiliaji wa siasa waijue. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kaunti ndiyo inayopitisha ramani, na kaunti ndiyo inayokagua kabla watu hawajaingia. Mkaguzi akiwa na karatasi yenye kisanduku kilichoandikwa rampu, atatia tiki. Swali la mwinuko ni ngapi halimo kwenye tiki. Mtu mmoja mwenye tepu ya mita tano na ujasiri wa kusema hapana angebadilisha mitaa yetu kuliko hotuba kumi.

Sasa kuhusu uchache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa miaka mitano na zaidi. Ikilinganisha kaunti zote 47, unajua iliyoongoza ni gani? Embu. Asilimia 4.4, mara mbili ya kiwango cha taifa. Kwa kaunti ya watu 608,599 hao ni zaidi ya watu 20,000. Na kati ya aina zote za ulemavu zilizohesabiwa nchini, shida ya kutembea ndiyo iliyotajwa zaidi. Sasa simama nje ya stendi ya Embu saa nne asubuhi uhesabu viti vya magurudumu. Utaona viwili, pengine kimoja. Wale wengine 20,000 hawajapungua. Wako nyumbani, kwa sababu ukitoka utabebwa kama gunia mbele ya watu, na mtu mzima hapendi kubebwa. Kwa hivyo landilodi anaangalia mtaa, haoni mtu, anasema hawapo. Hawapo kwa sababu ya mtaa wake.

Halafu barabara zenyewe zinaongeza idadi. Kila mtu huku anamjua kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu na haukuungana sawasawa. Daraja la Nithi, kati yetu, lilichukua watu zaidi ya 30 kwa ajali moja ya basi Julai 2022. Tunahesabu waliokufa. Walionusurika na uti wa mgongo ulioumia hurudi kwenye miji hii hii.

Wamarekani tunaowaiga kwa kila kitu walipitia hapa. Mji wa Kalamazoo, Michigan, ulianza kukata kingo za njia za miguu katikati ya miaka ya 1940, kwa sababu askari walikuwa wanarudi vitani bila miguu. Berkeley, California, wanafunzi wenye ulemavu walisukuma mpaka baraza la mji likaamua mwaka 1971 kukata kingo kwenye mitaa, na inasimuliwa kwamba wengine hawakungoja, walienda usiku na mifuko ya sementi. Sheria ya nchi nzima ilikuja 1990, baada ya watu kuacha viti vyao na kutambaa kwa mikono kwenye ngazi za bunge. Waliotumia kingo zile zilizokatwa kwa wingi zaidi wakawa akina mama wenye vigari vya watoto na watu wa kusukuma mizigo. Huku kwetu ingekuwa mkokoteni. Uliza kijana wa mkokoteni wa Makutano, Meru, anaionaje veranda yenye vidato.

Tangu 2018 kumekuwa na pesa. Mpango wa kusaidia miji, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uligawia kaunti 45, zote isipokuwa Nairobi na Mombasa, na zetu zilikuwa ndani. Ndio wakati nchi nzima ilianza kuona kabro kila mahali. Sina ubaya na kabro, ikiwekwa vizuri ni nzuri, ukiharibu bomba unazitoa na kuzirudisha. Lakini nimeona njia ya miguu ya kabro ikiishia kwenye nguzo ya stima. Nimeona vile vizuizi vya zege vya kuzuia magari vikiwa vimekaribiana hata kiti hakipenyi. Kiti kinataka angalau sentimita 90. Nimeona mfuniko wa mtaro wa chuma ukiibwa ukauzwe kama chuma chakavu, biashara ambayo mwanzoni mwa 2022 serikali hata iliifunga kwa miezi kadhaa, na shimo likaachwa wazi mpaka mvua. Mfuniko wa zege hauna soko la wizi. Ni mzito, ni mbaya kwa macho, unakaa.

Najua swali linalokuja: na wachuuzi je? Kila njia ya miguu ikijengwa, mama wa ndizi na kijana wa mitumba wanahamia pale, na haki yao ya kula ni haki pia. Hapa wanasiasa hucheza pande zote mbili. Kabla ya uchaguzi kanjo wanaambiwa wawaache, baada ya uchaguzi wanaambiwa wawafurushe, na njia yenyewe haijawahi kupimwa. Njia ya mita tatu inaweza kubeba mita moja ya bidhaa na mita mbili za watu, ukichora mstari na kuusimamia. Njia ya mita moja haiwezi kubeba chochote. Ugomvi wa mchuuzi na mlemavu ni ugomvi wa watu wawili waliopewa sahani moja ndogo, na aliyewapa sahani hiyo yuko ofisini.

Mimi naamini kazi hii haifai kuachiwa landilodi mmoja mmoja. Mtaa mzima upimwe kwa pamoja, kutoka juu hadi chini. Njia ya miguu iinuliwe iteremke sawa na barabara, mfululizo, bila kukatika, na kila duka lijiunganishe nayo kwa kimo chake, kwengine kwa kipande kifupi, kwengine kwa rampu inayolala ukutani inayotumiwa na maduka matatu. Mtaro upite chini yake na mfuniko. Pale ambapo sakafu imeinuka mno, landilodi alipe sehemu yake, na kaunti imnyime leseni akikataa. Itauma watu fulani. Ile miaka mitano waliyopewa na sheria iliisha 2015.

Mkisikia kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti ya manispaa, Embu au Meru, nendeni. Msiulize kama kuna rampu, mtajibiwa ndiyo. Ombeni mchoro wa mtaa uliokatwa kwa ubavu, ule unaoonyesha kimo cha sakafu ya kila duka na kimo cha barabara. Kama mchoro huo haupo, basi hiyo kabro itawekwa kwa macho tu, na mnajua macho ya fundi jioni ya Ijumaa akingoja malipo.